Uzi wa matunzo ya hita ya maji: magamba, anodi, valvu inayodondosha na breka inayokata

Mpiga_Spana

Wakuu, habari za jioni. Kwenye nyuzi za ujenzi swali la hita linajirudia kila wiki: elementi (koili inayopasha maji) imeungua tena, nifanyeje? Jibu linakuwa "nunua nyingine ya bei", na mazungumzo yanaishia hapo. Uzi huu ni wa hita zenye tanki, hizi za lita 30 hadi 100 zinazofungwa ukutani bafuni au kufichwa juu ya dari. Nikiteleza, mafundi wenzangu nikosoeni.

Kabla ya kushika spana, yajue maji yako. Hapa lugha ya mtaani inatuponza, maana maji yoyote yanayosumbua tunayaita "ya chumvi", wakati kuna mambo mawili yasiyofanana.

Chukua sabuni ya mche, fulia kitambaa. Ikigoma kutoa povu na kuacha utando mzito mweupe kwenye beseni, hayo ni maji magumu. Yamebeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba. Yakipashwa moto, kalsiamu hujitenga na kuganda kama chokaa, yale yale magamba yaliyomo ndani ya birika. Kasi yake huongezeka sana ukivuka nyuzi 60.

Sasa yaonje. Yakiwa na chumvi ulimini, kama visima vingi vya Dar vilivyo karibu na bahari, hiyo ni chumvi ile ile ya jikoni. Yenyewe haigandi kuwa magamba. Inachofanya ni kuyawezesha maji kupitisha umeme kwa urahisi, na kutu inashamiri. Inaanza na anodi, ile fimbo iliyowekwa ndani ya tanki iliwe kwanza, na anodi ikiisha inageukia tanki na ngozi ya elementi.

Kwa hiyo mwenye maji magumu anaua elementi, na mwenye maji ya chumvi anaua tanki. Kisima kimoja kinaweza kuwa na yote mawili, na huyo ana kazi.

Ratiba ninayoipendekeza: maji magumu, osha tanki kila miezi 6 na ufungue flenji (kifuniko kinachoshika elementi) kuangalia elementi kila mwaka. Maji ya chumvi, angalia anodi kila miezi 6. Maji laini ya mto au ya mvua, vyote mara moja kwa mwaka vinatosha.

Kuosha tanki ni hivi:

1. Zima breka ya hita kwenye boksi, usitegemee swichi ya ukutani peke yake. Yaache maji yapoe, au yatumie mpaka yawe vuguvugu. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5 tu, na mtoto ni haraka zaidi.

2. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita. Fungua bomba la maji ya moto la sinki na uliache wazi, hewa iingie. Tanki likitoa vikombe viwili na kugoma, legeza nati ya bomba la moto pale kwenye hita yenyewe.

3. Chomeka mpira kwenye koki ya kutolea maji. Hita nyingi za ukutani hazina koki hiyo, zinamwagwa kupitia valvu ya usalama (inayoachia maji msukumo ukizidi) kwa kuinua kimkono chake. Ni polepole, uwe na subira na ndoo mbili.

4. Tanki likiisha, fungua maji baridi sekunde 10, funga, yaache yatoke. Rudia mara 3 au 4 hadi yatoke safi. Kishindo cha maji mapya ndicho kinachoamsha tope. Kumwaga tu kunaliacha limelala chini.

5. Funga ulipomwagia, jaza tena bomba la moto likiwa wazi. Maji yakianza kutoka mfululizo bila kukohoa hewa, ongeza dakika moja. Ndipo urudishe breka.

Hiyo namba 5 usiifanyie haraka. Elementi ikiwaka bila maji haimalizi dakika nyingi.

Jirani_Mwema

Kwa nini swichi ya ukutani haitoshi? Ina hadi taa ndogo nyekundu ya kuonyesha kama imewashwa au imezimwa.

Waya_wa_Tatu

Taa inakuambia swichi iko upande gani, haikuambii waya gani umekatwa. Hita inatakiwa swichi ya ampea 20 inayokata waya zote mbili, wa moto na wa nyutro. Nyumba nyingi zina swichi inayokata mmoja, na fundi aliyefunga akiwa amegeuza waya, elementi inabaki na umeme hata ikiwa "imezimwa". Zima breka, kisha gusa ncha zote mbili za elementi kwa testa kabla ya kuweka kidole. Na testa yenyewe uijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, maana testa iliyokufa nayo haiwaki.

Kutu_Haina_Dogo

Mkuu Mpiga_Spana umeipitia anodi juu juu, na wengi hawajui hata kama ipo. Niongezee.

Tanki la chuma limepakwa enameli kwa ndani, kama sufuria za zamani zile zenye maua. Enameli haikosi vitundu vidogo. Anodi ni fimbo ya magnesiamu, na kazi yake ni kuliwa badala ya chuma kinachoonekana kwenye vitundu hivyo. Mara nyingi imefungwa kwenye flenji ile ile ya elementi, kwa hiyo ukifungua kimoja umeona vyote.

Badilisha ikiwa imebaki nusu ya unene wake, au waya wa chuma wa katikati umeanza kuonekana. Ikiwa na mashimo mashimo kama hindi lililodonolewa na kuku, usishtuke, ndivyo inavyoliwa. Cha kushtua ni anodi ya mwaka mzima iliyobaki kama mpya. Hapo ama imevaa magamba yakaiziba, ama haijagusana na chuma cha tanki. Sababu ya kawaida ya hili la pili ni fundi kuzungusha tepu nyeupe kwenye uzi wa anodi. Anodi ya ndani ya flenji haizuii maji yoyote, haihitaji tepu wala katani. Inahitaji chuma kigusane na chuma. Kwangua uzi wake kwa brashi ya waya, ifunge kavu.

Ukienda dukani beba ya zamani. Nyuzi zinatofautiana, M5, M6, M8, na urefu pia. Ndefu inaweza kukatwa kwa msumeno wa chuma, ila isiguse elementi wala ukuta wa tanki.

Nyingine: tanki likishavuja kwenye mwili wake, halichomelewi. Moto wa kuchomelea unaondoa enameli eneo zima kuzunguka kiraka, na miezi michache baadaye linatoboka pembeni yake. Nunua jipya. Ila hakikisha kwanza ni mwili, maana maji ya gasketi hutambaa ndani ya ganda la nje na kutokea pasipohusika.

Mama_Wawili

Mimi swali langu ni la valvu. Hita ya lita 80, bomba la valvu ya usalama linadondosha kila hita ikiwashwa. Nimeshauriwa nilizibe na kofia ya plastiki.

Mpiga_Spana

Dada, usizibe. Nasema tena, usizibe kabisa.

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 hutanuka kama asilimia 1.4. Kwa lita 80 hiyo ni lita 1.1 inayotafuta pa kwenda. Ndani ya valvu kuna kizuizi kinachozuia maji ya moto kurudi kwenye bomba la baridi, kwa hiyo yanatokea pale chini. Kudondosha wakati inapasha ni dalili kwamba valvu iko hai. Ukiziba, maji hayabonyei, na tanki ndilo litakalobeba msukumo wote. Themostati (inayokata umeme maji yakifika joto ulilochagua) ikigoma siku hiyo, hita inageuka bomu. Sitanii.

Fanya hivi: funga mpira mwembamba kwenye kitundu, uelekeze chini hadi kwenye mfereji wa bafu, mwisho wake ubaki wazi hewani na usiwe na kona inayopanda juu.

Kutu_Haina_Dogo

Niongeze: ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa na baridi, hilo ni jingine. Ama kuna chembe ya mchanga kwenye kiti cha valvu, ama maji ya bomba kuu yana nguvu kupita kiasi. Inua kimkono sekunde chache, maji yapite kwa kishindo, achia. Rudia mara mbili tatu. Isipokoma, pima nguvu ya maji usiku wa manane, saa ambazo watu hawatumii. Valvu nyingi zimeandikwa 0.8 MPa, yaani baa 8. Bomba likikaribia baa 6 weka kipunguza nguvu. Ikiwa maji yanatoka kwenye Simtank juu ya mnara wa mita 4, hayo hayafiki hata nusu baa, basi mkosaji ni mchanga au valvu yenyewe imechoka.

Kimkono hicho kiinuliwe kila mwezi. Kikikaa miaka bila kuguswa, magamba yanakigandisha, na valvu iliyoganda ni sawa na iliyozibwa.

Na angalia mpangilio: koki ya kufungia, kisha valvu ya usalama, kisha tanki. Kati ya valvu na tanki kusiwe na koki nyingine yoyote.

Mama_Wawili

Nimeelewa, asanteni. Kofia siiweki.

Kata_Mti

Magamba mnayapa sifa bure. Maji ya betri nusu lita ndani ya tanki, dakika kumi, kila kitu kinatoka. Mafundi wengi ndivyo wanavyofanya.

Kutu_Haina_Dogo

Na ndiyo maana wanaitwa tena baada ya miezi mitatu. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Ikikutana na magamba ya kalsiamu inatengeneza jasi isiyoyeyuka vizuri, kwa hiyo unabadilisha gamba moja kwa jingine. Papo hapo inashambulia anodi, na magnesiamu ikikutana na asidi inatoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka kwa cheche. Ile nyingine ya kusafishia vyoo, ya haidrokloriki, inayeyusha magamba kweli, lakini inatoboa ngozi ya elementi na kuingia kwenye nyufa za enameli. Yote hayo kwenye chombo cha maji ya kuogea watoto!

Tumia asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa watengeneza juisi. Toa elementi nje, fungua anodi uiweke pembeni. Changanya gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki. Zamisha sehemu ya chuma tu, vichwa vya waya vibaki juu na vikavu. Acha saa moja hadi mbili, povu likikoma gamba limekwisha au asidi imechoka. Sugua kwa brashi ya plastiki, suuza, kausha. Siki nyeupe nayo inafanya, ila ni usiku kucha.

Yaliyolala chini ya tanki yachote kwa mkono wenye glavu au kijiko cha mbao kupitia tundu la flenji. Usikwangue kwa bisibisi, utaitoboa enameli. Gamba jembamba lililoshika ukuta wa tanki liache, halina madhara.

Kata_Mti

Sawa mkuu, hilo la jasi sikulijua.

Luku_Inalia

Hapa ndipo nilipotaka kuingia. Magamba ndiyo yanayokula umeme, si ndiyo? Yuniti zinaisha mno.

Waya_wa_Tatu

Hapana, na hili linasemwa vibaya kila mahali. Elementi imezama ndani ya maji. Joto lake halina pa kwenda zaidi ya kwenye maji hayo hayo, liwe na gamba au lisiwe nalo. Tofauti kwenye mita ni ndogo sana. Kinachotokea ni kwamba gamba linalifungia joto, chuma cha elementi kinapanda joto kuliko kilivyoundwa, kinapasuka. Dalili yake ni sauti: hita inaanza kuguruma na kutatarika kama mahindi kwenye kikaango.

Yuniti hesabu hivi. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunakula yuniti 2 na kidogo, na elementi ya wati 1500 inachukua kama saa moja na dakika 20. Hita iliyoachwa inawaka mchana kutwa inapoteza yuniti moja hadi moja na nusu kwa siku kupitia ganda lake, hata asipooga mtu. Bomba la moto linalodondosha ndoo ya lita 20 kwa siku ni yuniti 0.8 nyingine. Tafuta huko kwanza.

Halafu volti. Mitaa mingi jioni umeme unashuka hadi 180. Elementi ya wati 1500 ya volti 230 hapo inatoa wati 920 tu, kwa hiyo lita 50 zile zile zinachukua saa mbili na robo. Mtu anadhani hita imekufa, anabadilisha themostati nzima. Pima volti kabla ya kununua kitu.

Luku_Inalia

Basi nishushe themostati hadi 40, nipunguze?

Waya_wa_Tatu

Usifanye. Bakteria wa Legionella wanastawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na matone madogo ya shawa yanayoelea hewani ndiyo yanayowafikisha mapafuni. Weka 60, changanya na baridi kwenye bomba. Ukitaka kuokoa yuniti, washa saa moja na nusu kabla ya kuoga kisha zima.

Kijana_wa_Njombe

Hita inakata breka ya kuzuia shoti ya mtu, ile yenye kitufe cha kujaribia, lakini si mara moja. Inakaa kama robo saa ndipo inakata. Fundi anasema ni breka mbovu.

Waya_wa_Tatu

Breka inaweza kuwa mbovu, ila dalili hiyo ni ya elementi iliyopata ufa. Ikiwa baridi ufa umebana. Ikipata moto unafunguka, unyevu unaingia kwenye unga wa ndani unaotenga waya na chuma, umeme unavujia kwenye chuma, na breka ya miliampea 30 inafanya kazi yake. Usiiruke wala kuiondoa.

Zima, toa waya kwenye elementi, pima kwa multimita. Kati ya ncha mbili unatakiwa kupata om 35 kwa wati 1500, 26 kwa wati 2000, 44 kwa wati 1200. Isiposoma kitu, imekatika. Kisha pima kila ncha na mwili wa flenji: isisome kabisa. Tatizo ni kwamba multimita ina betri ndogo na inaweza kukuambia salama wakati si salama. Kipimo cha haki ni mashine ya kupimia inshuleshini ya volti 500, na upime elementi ikiwa bado ya moto. Ikishuka chini ya megaom 1, tupa.

Ukiwa hapo, kaza skrubu za themostati. Waya uliolegea unaunguza plastiki inakuwa kahawia, na joto lake linaweza kufyatua kitufe cha usalama (kinachokata umeme joto likizidi) bila maji kuwa na kosa lolote. Kitufe hicho kikifyatuka mara moja, kibonyeze. Kikirudia, usiendelee kukibonyeza: themostati imeshikana, au kifuko chake kimevaa magamba hakisikii joto.

Pwani_Salama

Salaam kutoka Mombasa. Huku wengi hatuna tanki, tuna shawa za stima zinazopasha papo kwa papo. Hizo matunzo yake ni mengine, nisaidie kidogo.

Nyingi koili yake iko uchi ndani ya maji, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo kizuizi kati yako na stima. Maji ya chumvi yanapitisha. Ndiyo maana kuna zinazouzwa kwa maji ya chumvi na zinazouzwa kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi; soma boksi, usichukue ya bei nafuu tu. Waya wa athi (wa ardhini) si wa kukata. Ukihisi stima ikikuchomachoma vidoleni ukigusa koki, toka, zima, ita fundi wa stima. Wati 5500 zinavuta karibu ampea 23, kwa hiyo waya uwe wa milimita 6 za mraba, breka ya 32, wala usiunge kwenye soketi.

Matunzo: kila mwezi fungua kichwa cha shawa, loweka kwenye siki au maji ya ndimu saa moja, zibua vitundu kwa sindano. Vikiziba maji yanapita kidogo, koili inachemka na kukatika. Chujio la pale maji yanapoingia nalo huoshwa. Na ukimaliza kuoga, zima shawa kwanza, yaache maji ya baridi yapite kidogo, kisha funga.

Mpiga_Spana

Shukrani shekhe, hilo la chujio hata kwenye hita za tanki linasahaulika.

Jirani_Mwema

Maji ya moto yananuka yai viza, ya baridi hayanuki. Dawa?

Kutu_Haina_Dogo

Kuna bakteria wanaogeuza salfeti ya kisimani kuwa gesi yenye harufu hiyo, na magnesiamu ya anodi inawarahisishia. Osha tanki, kisha pandisha themostati hadi mwisho kwa saa kadhaa na umwage kupitia kila bomba la moto, watu wakiwa wameonywa. Harufu ikirudi, weka anodi ya aluminiamu yenye zinki. Usiitoe anodi ukaacha patupu, harufu itaisha na tanki litaisha.

Mama_Wawili

La mwisho kwangu: nikifungua flenji, gasketi ya zamani inarudi?

Mpiga_Spana

Mpira ukiwa bado laini na haujaacha alama ya kina inarudi, ila bei yake ni ndogo, nunua mpya yenye umbo lile lile kabla hujafungua. Futa kiti chake kisibaki na chembe ya gamba. Usipake silikoni. Kaza nati kwa msalaba, si kwa kuzunguka, kila moja kidogo kidogo. Jaza maji, funika flenji kwa tishu kavu dakika 30, tishu ikibaki kavu washa. Maji yakishapata moto mara ya kwanza na kupoa, zima tena breka na ukaze robo mzunguko.

Kijana_wa_Njombe

Nimepima. Om 26 kati ya ncha, ila ncha moja na flenji inasoma kilo-om 90 hata ikiwa baridi.

Waya_wa_Tatu

Imekufa. Badilisha, na usiiwashe tena hata kwa dakika moja.